Muulize Baharia: Mwanangu hushinda peke yake kando ya ziwa la baridi

SWALI: Mzee Baharia, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wanne, nakaa Chumbageni hapa Tanga. Mwanangu wa tatu yuko Marekani, kwenye mji unaoitwa Duluth, jimbo la Minnesota. Anafanya kazi ya kuhudumia wazee katika nyumba ya kulelea. Hajaoa, na mwenyewe anasema Waswahili wa mji ule ukiwakusanya wote hawajazi daladala. Kila akipata siku ya mapumziko anakwenda kukaa kando ya ziwa linaloitwa Superior. Haendi na mtu. Huondoka asubuhi akarudi jioni, na picha anazonitumia ni maji matupu, hata sura yake haimo. Nikimuuliza, unafanya nini huko, hunijibu, "Napumzika tu, mama."

Dada yangu wa Ngamiani anasema kijana kaingiliwa, tumfanyie kisomo, na picha yake tumpelekee mtaalamu. Binti yangu mkubwa, ambaye ni muuguzi, anasema huenda ni sonona. Baba yao anasema nimwache mtoto wa watu. Toleo lililopita uliandika kwamba enzi zako meli yenu ilifika kwenye ziwa hilo. Naomba unieleze ni ziwa la namna gani, na mtu mzima anakaa peke yake kwenye baridi anatafuta nini. Nimwambie arudi?
Mama mwenye wasiwasi, Chumbageni

JIBU: Marahaba, mama, na pole kwa mashaka. Katika ulichoniandikia sioni dalili ya ugonjwa. Naona kijana aliyepata mahali pake. Ila nikikujibu kwa mkato hutaniamini, na dada yako ndiyo kabisa, kwa hiyo nivumilie nianze na ziwa lenyewe.

Mtu wa kwetu akisikia ziwa anafikiria Jipe, mahali ambapo unasimama huku na kuona mbuzi wa ng'ambo wanakunywa maji. Superior ukisimama ufukweni huoni ng'ambo. Ni maji na mbingu. Kwa eneo, hakuna ziwa lisilo na chumvi linaloizidi duniani: kilomita za mraba kama 82,000, wakati Victoria yetu ni kama 68,000. Urefu wake ni kilomita 560 hivi, yaani ungeliweka hapa kwenye pwani yetu, kichwa Tanga, miguu ingekaribia Mtwara. Kina chake kinafika mita 406. Na maji yake, ukichukua wastani wa mwaka mzima, ni nyuzi nne au tano tu za Selsiasi, kama maji yaliyolala ndani ya friji.

Sisi tulikwenda kuchukua ngano. Mimi nilianzia hapa hapa bandarini, kwenye matishari, enzi ambazo meli zilitia nanga katikati na mkonge ukapelekwa kwa tishari, mpaka nikapata meli ya nje. Safari ya Duluth ni ya ajabu kwa baharia wa bahari kuu. Unatoka Atlantiki, unaingia mto St. Lawrence, njia iliyofunguliwa kwa meli kubwa mwaka 1959, kisha unapandishwa. Meli inaingia kwenye kizimba cha zege, mlango unafungwa nyuma, maji yanajazwa, meli inainuka, mlango wa mbele unafunguliwa. Maporomoko ya Niagara mnayazunguka kwa mfereji wa Welland wenye vizimba 8. Cha mwisho kiko Sault Ste. Marie, na mkitoka hapo mko ndani ya Superior. Mkifunga kamba Duluth mko mita 183 juu ya usawa wa bahari na karibu kilomita 3,700 kutoka Atlantiki. Marehemu baba nilipomsimulia kwamba meli yetu ilipanda mlima alinitazama sana, kisha akaniuliza kama huko ugenini nimeanza kunywa.

Ngano haipakiwi mvua ikinyesha, wala huwezi kusogea mpaka zamu yako kwenye maghala ifike. Kwa hiyo mabaharia wa Duluth wanangoja. Tukapewa ruhusa ya kushuka. Wenzangu walitafuta maduka, mimi nikavuka lile daraja la chuma ambalo barabara yake yote huinuliwa juu meli ikitaka kupita, nikatokea kwenye ulimi wa mchanga unaoitwa Park Point. Unakwenda kilomita kadhaa, bandari upande mmoja, ziwa upande wa pili. Nina hakika mwanao anapafahamu.

Kilichonishangaza kwanza ni pua. Nilikuwa naona bahari lakini siisikii harufu. Hakuna chumvi, hakuna mwani unaooza, hakuna dagaa aliyeanikwa. Kaa hawapo. Hakuna anayeuza pweza wala mihogo ya kukaanga, na hakuna mtu aliyeniita. Ilikuwa mwezi wa sita, mjini juu kwenye kilima watu wamevaa fulana, na pale chini upepo wa ziwani ulinifanya nifunge vifungo vyote vya koti. Watu wa Duluth wameshazoea, wanajua ukishuka majini umeshuka kwenye baridi.

Nikakaa kwenye gogo. Na hapa, mama, ndipo penye jambo lenyewe. Mimi ni mtoto wa Sahare. Kwetu bahari inatoa amri. Maji yakipwa, kina mama wanateremka na vikapu kutafuta chaza na pweza, watoto wanateremka kucheza mpira kwenye mchanga mgumu. Maji yakijaa, ngalawa zinaelea na kila mtu anakumbuka alichokuwa amesahau. Wakati wa bamvua tofauti ya maji kujaa na kupwa hapa Tanga inapita mita tatu, kwa hiyo hata asiye na saa anajua ni saa ngapi. Mtu wa pwani hakai ufukweni. Anangoja. Anangoja maji, chombo, samaki, upepo ugeuke.

Pale Superior kujaa na kupwa hakufiki hata sentimita tano. Jicho halioni. Nilikaa pale, mwili wangu wote umezoea kungoja, nikawa nangoja maji yaondoke. Hayakuondoka. Baada ya muda kitu fulani kifuani kikachoka kungoja, kikalala. Nimepita bandari nyingi, na utulivu wa namna ile sikuupata kwingine. Sidhani unatokana na uzuri, maana kuna pwani nzuri zaidi, ikiwemo hii yetu. Unatokana na ziwa kutokuwa na shida na wewe. Huwezi kuoga kwa raha, huwezi kuvua bila leseni na vifaa, hakuna chombo cha mjomba wako kinachorudi. Umekaa tu, na ziwa liko tu.

Wala usidhani ni kimya. Mawimbi yanapiga, na ukipanda pwani ya kaskazini kwenye kokoto utasikia mawe yanavyosukumwa na kurudishwa. Kelele ipo, ila hakuna inayokuita jina.

Sasa mfikirie mwanao. Juma zima anawanyanyua wazee kitandani, anawaogesha, anawalisha, anasikiliza hadithi ile ile ya vita au ya mke aliyekufa, kwa lugha ambayo si yake, huku kengele za vyumba zinalia. Jina lake linaitwa tangu asubuhi. Siku moja ya mapumziko anakwenda mahali ambapo hakuna anayemwita. Hebu nikuulize, ungekuwa wewe ungekwenda wapi?

Kuhusu kukaa peke yake: huko si jambo la kuulizwa. Utakuta bibi kakaa ndani ya gari lake anatazama maji na kikombe cha kahawa, kijana anatembea na mbwa wake, mzee kasimama mikono mfukoni. Wanapishana, wanatikisa kichwa, basi. Mara ya kwanza niliona ni watu wasio na adabu. Siku zilivyopita nikaona wanapeana nafasi.

Dada yako wa Ngamiani mwambie hivi. Dua mfanyieni, dua haina hasara. Picha msimpeleke kwa mtu. Na kama anadhani maji yale hayana wenyewe, yana wenyewe: Waojibwe, wenyeji wa asili wa kule, waliishi pembezoni mwake muda mrefu kabla ya meli za ngano, na mpaka leo wapo. Miongoni mwao ni desturi kuweka tumbaku kidogo majini, kwa heshima na shukrani. Hana haja ya kushtuka, ubani na maji ya waridi ya pango la Amboni nani asiyeyajua hapa mjini.

Binti yako muuguzi ndiye mwenye hoja ya kusikilizwa. Duluth iko kaskazini sana. Mwezi wa sita jua linachwa saa tatu usiku, lakini mwezi wa kumi na mbili linachomoza karibu saa mbili kasorobo asubuhi na kabla ya saa kumi na nusu jioni limekwisha zama. Mtu akiingia kazini gizani na kutoka gizani, juma baada ya juma, anaweza kupata sonona inayokuja na majira hayo. Madaktari wa nchi hizo wanaijua na wanaitibu, mojawapo ya tiba ni taa maalumu yenye mwanga mkali, nyingine ni kutoka nje mchana hata kama kuna baridi. Kwa hiyo kule kushinda ziwani mchana kunaweza kuwa ndiko kunakomshikilia kijana wako.

Utajuaje? Swali lako la "unafanya nini huko" liache, maana halina jibu, hafanyi kitu. Muulize, "Leo umeona nini?" Kisha nyamaza umsikilize.

Akikuambia leo imepita meli ya madini ya chuma yenye urefu unaopita mita 300, zile ambazo hazitoki maziwani kwa sababu hazienei kwenye vizimba vya Welland, shukuru. Akikuambia kaokota akiki, shukuru zaidi. Ndiyo, akiki, hizi hizi tunazotia kwenye pete. Fukwe za Superior zinazo, nyekundu zenye mistari, rangi hiyo ni ya chuma, na Minnesota imezifanya jiwe rasmi la jimbo. Kuna watu wanatembea siku nzima wameinamisha shingo kuzitafuta. Akikueleza barafu ya mwezi wa pili inavyolia inaposukumwa na upepo, huyo macho yake yako nje, anakwenda pale kutazama.

Lakini ukimuuliza leo, na juma lijalo, na linalofuata, na jibu likawa "sijaona kitu", na sauti imelegea, na chakula hapiki, na kazini anachelewa, usingizi ama hapati ama hauishi, hapo ziwa halimo tena. Hapo mwana amekaa mbele ya maji lakini anatazama ndani mwake tu. Dada yake mkubwa azungumze naye, wazungumze kama ndugu, amshauri amuone daktari huko huko. Na ikitokea siku akasema maneno ya kuchoka na maisha, msingoje juma lijalo.

Kuna mambo mengine ya kumwambia, na haya yachukue kwa uzito maana ziwa lile linaua. Kwanza, asiingie majini na asijiamini kwa kuwa alijifunzia kuogelea Raskazone. Waokoaji wa nchi za baridi wana hesabu yao: dakika moja ya kwanza pumzi inakukimbia, ukivuta maji hapo umekwisha. Baada ya kama dakika kumi mikono haikutii tena. Ndani ya kama saa moja, hata asiyezama anaweza kupoteza fahamu. Kiangazi Park Point watu wanaoga, ndiyo, lakini upepo ukivuma kutoka ziwani kunakuwa na mkondo unaovuta kwenda nje, na huwekwa bendera za kuonya. Azitazame.

Pili, zile kuta za zege za mfereji pale darajani. Siku ya utulivu ni mahali pazuri pa kusimama kutazama meli, karibu unaigusa. Siku ya dhoruba asisogee. Mwaka 1967 ndugu watatu, vijana, walisombwa na mawimbi kwenye ukuta huo, na mlinzi wa pwani mmoja aliyetoka kuwatafuta akafa naye.

Barafu je? Asiikanyage kwa sababu tu ameona wengine. Ziwa lile ni nadra kuganda lote, barafu nyingi iko pembeni, na upepo ukigeuka kipande kizima kinakatika na kuelea na watu juu yake. Tena awe na desturi ya kumwambia mtu mmoja wa kule, jirani au mwenzake wa kazini, kwamba leo naenda upande fulani, nitarudi kabla ya giza. Kukaa peke yako ni jambo moja, kutojulikana uliko ni jambo jingine.

Kurudi? Kwa sababu ya ziwa, hapana. Akirudi kwa kukumbuka nyumbani, au kwa kuwa kazi imemshinda, huo ni mlango wenu na uko wazi. Ila nakuomba kitu kimoja akija likizo. Najua nyumba zetu. Siku ya kwanza itajaa shangazi, siku ya pili binamu, siku ya tatu watu wenye mtoto anayetaka kwenda Marekani. Wapokee. Siku ya nne mpe nauli ya bodaboda mpaka Raskazone, na usimpe mtoto wa kumsindikiza.

SWALI: Baharia, hapo kwenye lile toleo umetutia chumvi. Ulisema ziwa hilo limezamisha meli kubwa sana. Ziwa linazamishaje meli ya chuma? Au ilipasuka yenyewe?
Kijana wa Mkwakwani

JIBU: Chumvi ningeipata wapi, ziwa halina. Meli niliyoitaja ni Edmund Fitzgerald. Ilishushwa majini mwaka 1958, urefu wake mita 222, kazi yake kubeba madini ya chuma. Tarehe 9 Novemba 1975 ilitoka bandari ya mji wa Superior, jirani na Duluth, ikiwa imepakia. Kesho yake jioni, katikati ya dhoruba, ikielekea kujihifadhi kwenye ghuba ya Whitefish, ilizama. Watu 29 walikuwemo, hakupona hata mmoja. Sababu hasa wataalamu wanabishana mpaka leo: wengine wanataja mifuniko ya matundu ya shehena, wengine wanasema iligusa mwamba.

Kuhusu ziwa kuzamisha meli, nashangaa Mtanzania kuuliza. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 karibu na Mwanza na kuchukua mamia ya watu, hiyo ilikuwa bahari? Upepo hauulizi kama maji yana chumvi. Unachotaka ni uwanja wa kukimbilia, na Superior inao wa mamia ya kilomita. Mawimbi yake yanakuja yakiwa mafupi na yaliyokaribiana, meli ndefu haipati nafasi ya kupumua kati ya moja na jingine. Mwezi mbaya ni wa kumi na moja. Dhoruba ya Novemba 1905 iliharibu meli nyingi kiasi kwamba ukajengwa mnara wa taa wa Split Rock, uliowashwa mwaka 1910 juu ya jabali refu. Siku hizi haufanyi kazi, wageni wanakwenda kupiga picha. Kuanzia katikati ya Januari mpaka karibu na mwisho wa Machi vizimba vya Sault Ste. Marie hufungwa, na maji yale yanabaki bila meli za masafa. Nimesikia watu wa kule wakisema hiyo ndiyo miezi wanayolipenda ziwa lao. Mimi sijaionja, na kwa umri huu sitaki.

SWALI: Mzee wetu, mimi ni mwalimu Korogwe. Hilo Superior kwa mshahara wangu ni ndoto. Hapa nchini kuna ziwa la baridi ambapo mtu anaweza kukaa peke yake?
Mwalimu, Korogwe

JIBU: Ukitaka kina, nenda Kigoma. Tanganyika inapita mita 1,400, mara tatu ya Superior na zaidi. Lakini maji ya juu ni ya uvuguvugu, yanakaribia nyuzi 25, na ufukweni utakuta wavuvi wa dagaa, kina mama wa kuanika na watoto wa kila umri. Upweke hakuna. Kwetu baridi inatokana na kupanda juu, si kwenda kaskazini. Kwa hiyo mimi ningekutuma Ziwa Ngosi, kule milima ya Poroto, mkoani Mbeya. Liko ndani ya shimo la volkano, unapenya msitu kwa miguu mpaka ukingoni, na mara nyingi ukungu unakuwa umelifunika usilione mpaka utulie. Vaa sweta na uende na mwenyeji, njia inateleza. Kama hata Mbeya ni mbali, wewe uko Korogwe, panda Lushoto mwezi wa saba. Ziwa la ukubwa huo halipo, baridi utaipata mpaka uijute.

SWALI: Baharia, mimi ni bibi wa Mikanjuni. Nyumba yangu ina wajukuu saba, redio mbili na jogoo asiyejua saa. Napenda kwenda kukaa baharini nitulize kichwa. Lakini kila nikikaa, watu wanakuja: "Bibi, una nini? Umefiwa? Umegombana na mkweo?" Juzi mtu kanipigia simu mwanangu kwamba mama yako yuko baharini anataka kujirusha. Nifanyeje?
Bibi wa Mikanjuni

JIBU: Shikamoo bibi, maana kwa wajukuu saba naona umenizidi. Nimecheka, samahani, lakini shida yako ni ya kweli, na ni tofauti kubwa kati ya pwani yetu na lile ziwa la mwenzio wa Chumbageni. Hapa mtu aliyekaa bure ni habari. Hawakusumbui kwa ubaya, wanaona wakikupita bila kukuuliza wamekosa utu. Huwezi kuwabadilisha watu wa Tanga. Badilisha kilicho mkononi mwako.

Wanaume tuna mshipi. Mwanamume akishika mshipi anaweza kukaa kwenye jiwe tangu alfajiri mpaka adhuhuri, asipate hata changu mmoja, na hakuna atakayemuuliza kama kafiwa. Namjua mmoja ambaye ndoana yake haina chambo. Wewe chukua ukili. Beba miyaa yako kwenye kikapu, kaa, anza kusuka. Mwanamke anayesuka ukili ana kazi, na mwenye kazi anapewa salamu na kuachwa. Vidole vinajua njia vyenyewe, kichwa kinabaki huru kwenda kinakotaka.

Wakati pia una maana. Bustani ya Jamhuri jioni usiende, ni ya wachumba na wauza karanga. Nenda asubuhi, baada ya watoto kwenda shule, na chagua siku za maji mafu, ambapo maji hayaendi mbali wala hayaji kwa kishindo, hivyo ufukweni hakuna pilikapilika za kombe na pweza. Siku hizo bahari yetu inakaribia kidogo kuwa kama lile ziwa. Ukipata nafasi ya siku nzima na mtu wa kukupeleka, nenda Tongoni, njia ya Pangani, kwenye magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo. Kuna miti, kuna kivuli, bahari iko karibu, na wenyeji wa makaburi hawana maswali. Mkweo mwage kabla ya kutoka, umwambie unakwenda kusuka, ili simu ikipigwa awe na jibu.

Na mkeka ukifika mwisho niandikie bei kupitia ofisi ya gazeti. Natafuta msala, ila uwe wa miyaa ya rangi mbili tu, hii ya rangi nyingi inanichanganya wakati wa sala.